Jino la Mpiga Tarumbeta

Kwa miaka mingi nimekana kwamba niliwahi kuomba dua kwa ajili ya tarumbeta. Wanafunzi wangu walilipata neno hilo sijui wapi, wakaniuliza, nami nikawajibu kwa ile sauti niliyoiweka akiba ya kuwatishia, kwamba dawa ya kuziba jino hushika au hukataa kushika kwa sababu zinazopimika, na kwamba mtu aliyesoma chuo kikuu hapeleki kemia msikitini. Sasa nimestaafu, hakuna awezaye kunifanya lolote, kwa hiyo naandika: niliomba. Ilikuwa alfajiri ya Jumapili ya Pasaka, miaka ya hamsini ikielekea ukingoni, nami nilikuwa binti wa mtaa wa Nguvumali, Tanga, ambaye hajaolewa na hajatulia. Baada ya sala nilibaki kwenye msala, nikamwomba Mwenyezi Mungu kipande cha dawa nyeupe kisidondoke kwenye jino la Mlutheri mmoja wa upande wa Muheza. Nilidhani naomba kimoyomoyo. Nyuma yangu tasbihi ya mama ilinyamaza.

"Mlutheri gani?" aliuliza.

Nyinyi vijana mnaokausha dawa kwa taa ya buluu na kumwambia mgonjwa nenda kale, hamuujui wasiwasi ule. Mmeniomba niandike kumbukumbu za kazini. Vyeo nitaviruka, maana vilikuja vyenyewe kadiri waliokuwa mbele yangu walivyochoka. Nitaandika juu ya swali moja lililoninyima raha nilipokuwa na umri wenu: je, kuna kitu chochote kinachoweza kushikana na jino?

Siku ya kwanza nilifika kwa Daktari Pinto nikiwa nimevaa viatu vya dada yangu, vimenibana, nikasimama mlangoni nikihamisha uzito mguu huu kwenda ule. Daktari alikuwa Mgoa mzaliwa wa Tanga aliyesomea meno Uskoti, mfupi, nywele zimelazwa kwa mafuta, na chumba kile alikizunguka mchana kutwa kama mtu aliyepoteza ufunguo. Hata chai aliinywa akitembea. Alikuwa anatafuta msichana aliyesoma na asiyeogopa damu. Mimi nilikuwa nimesoma.

"Unajua kukoroga?" aliniuliza kabla sijamaliza kumwamkia.

"Najua, Daktari."

"Umekoroga nini?"

"Uji."

"Uji ni mwanzo mzuri," alisema. "Aliyekutangulia alikuwa mtu wa chai."

Alichotaka nikoroge ni saruji ya meno: unga mweupe na majimaji yake, ambayo kwa kweli ni tindikali, juu ya kipande cha kioo kinene, kwa mwiko mdogo wa chuma. Unga unatiwa kidogo kidogo na kusambazwa, mpaka ukiinua mwiko saruji ivutike kama uzi. Ukichelewa inagandia kwenye kioo. Ukiharakisha inabaki uji, na tundu la mtu linabaki wazi. Mwanzoni niliziba vioo vingi kuliko meno.

Daktari alifundishwa kwamba kioo kikiwa baridi saruji haikimbilii kuganda, kwa hiyo tulikiweka kwenye friji. Huko Uskoti huenda ni shauri zuri. Kwetu, wakati wa masika, watu walianza kurudi na saruji yetu wameikunja kwenye karatasi, wakituonyesha bila neno. Daktari alilaumu unga, akalaumu kiwanda, akanilaumu mimi, nami nikajilaumu kwa bidii zaidi yake. Ndipo siku moja aliposimama na chupa ya soda iliyotoka kwenye friji, akaona maji yanatiririka ubavuni mwake na kudondokea kiatuni. Akaitazama chupa. Akalitazama friji. Kisha akanitazama mimi.

"Mwanaidi," alisema, "tumekuwa tukiwakorogea watu mvua."

Kioo kikahamishiwa kwenye kabati, na mimi nikaacha kulia njiani nikirudi nyumbani. Lakini hata saruji ilipoacha kutoka, Daktari hakuwa na imani kubwa na chochote tulichokitia kinywani. Jino, aliniambia, halishikani na kitu. Lina unyevu, linateleza, na mwenyewe hatulizi ulimi. Kwa hiyo kila tundu alilichonga kama mtungi, mdomo mwembamba na tumbo pana, ili ule mchanganyiko wa fedha na zebaki tulioushindilia ndani ukishaganda usipate pa kutokea. Haukushika, ulifungwa tu. Na ili kulipata hilo tumbo ilibidi aondoe sehemu ya jino isiyo na ugonjwa wowote, kwa keekee iliyozungushwa na mkanda, yenye mlio ambao wagonjwa wa barazani walipousikia baadhi yao walikumbuka shughuli nyingine sokoni. Nilisimama pembeni nikimwangalia akichonga jino zuri ili apate kuliziba lile bovu, na viganja vikiniwasha.

"Kwa nini tusitumie gundi?" nilimwuliza.

"Gundi ni ya viatu," alijibu, kisha akaviangalia vyangu, ambavyo siku hiyo kimoja kilikuwa kimeachama mbele. "Na viatu vyenyewe ndiyo hivyo."

Haukupita muda mrefu akaja mchuuzi wa dawa kutoka Mombasa, amefunga tai kwenye joto la kuyeyusha mshumaa, akiwa na kisanduku chenye unga na chupa ya majimaji yenye harufu ya rangi ya kucha. Ukivichanganya, baada ya dakika chache unapata kitu kigumu chenye rangi ya jino lenyewe. "Inashika yenyewe, Daktari," alisema. "Huna haja ya kuchonga mtungi." Daktari alinunua kisanduku kwa nia ya kumwumbua.

Tulihitaji meno ya kujaribia, na hapo Tanga ikatugomea. Hakuna mgonjwa aliyekubali kutuachia jino lake. Tuliling'oa, na mwenyewe alinyoosha mkono hata kabla damu haijakatika, akalifunga kwenye leso, akaenda kulizika anapopajua yeye. Waislamu kwa Wakristo, watu wa pwani kwa watu wa milimani, katika hilo walikuwa dini moja. Mama mmoja wa Mabokweni alirudi kutoka njiani kuhakikisha nimempa la kwake na si la mwenzake. Sikuwalaumu. Langu mimi nisingeliacha kwenye chupa ya mtu hata kwa ajili ya sayansi. Nikaenda kwa mwuza nyama.

"Mataya ya nini?" aliuliza. "Chukua kichwa chote, mama yako apike supu."

"Nataka meno tu."

"Kwani ng'ombe wa Daktari wanaumwa?"

"Walikuwa wanaumwa," nilimwambia. "Sasa wamekufa."

Tulibandika dawa nyeupe kwenye meno makavu ya ng'ombe, ikashika. Nilivuta kwa koleo kwa nguvu zangu zote. Daktari alisimama mahali pamoja kwa muda, jambo lililonitia hofu. Kisha tukayatia meno majini, na asubuhi tukavikuta vipande vya dawa vimelala chini ya bilauri, vimejitenga na meno kwa adabu kabisa. Daktari akaanza tena kutembea, amefurahi.

Mambo yangeishia hapo, kama daktari mwenzake aliyepita bandarini asingemsimulia, kwa kumchekesha, kwamba huko Marekani kuna mtu anayelipangusa jino kwa tindikali kabla ya kulibandika dawa. Daktari Pinto naye alinisimulia akicheka. Mimi nilishindwa kucheka, kwa sababu chupa ya tindikali, ile ya saruji, nilikuwa nimeishika mkononi.

"Si tunayo?" nilisema.

"Mwanaidi, kazi yetu yote humu ndani ni kuzuia tindikali isile meno. Wewe unataka nilipake?"

"La ng'ombe."

Akafikiri. "La ng'ombe, haya."

Nilipaka kwa pamba, nikasubiri kidogo, nikaosha kwa maji mengi, nikakausha kwa kipira cha kupulizia. Ule mng'ao wa jino ukawa umeondoka. Pakabaki weupe mkavu kama wa chaki. Baadaye sana, chuo kikuu, nilielezwa kwa maneno marefu kwamba tindikali huacha vishimo vidogo visivyoonekana kwa macho, na dawa ikiwa bado majimaji huingia humo, ikaganda, ikashika kwa mamia ya vidole. Niliandika maelezo hayo kwa mwandiko mzuri. Lakini siku ile niliona chaki tu, na dawa iliyobandikwa juu ya chaki hiyo ikakaa majini wiki nzima. Sikuweza kuipita bilauri ile bila kusimama. Niliichungulia, niliisukuma kwa ukucha, niliiharibu kazi nyingine kwa kuiwaza. Haikutoka.

Hata hivyo Daktari alikataa kuitia kinywani mwa mtu. "Ng'ombe aliyekufa hana mate," alisema. "Wala hana mdomo wa kwenda kunisema sokoni."

Masika yalikuwa yameanza tena alipoingia Zakaria Shemweta, amekumbatia tarumbeta ndani ya gunia kana kwamba itapata mafua. Alikuwa Msambaa aliyezaliwa kwenye shamba la mkonge ng'ambo ya Muheza, ambako baba yake alishuka kutoka milimani kutafuta kazi. Yeye mwenyewe alikuwa fundi wa mashine pale kiwandani, na kiongozi wa tarumbeta za kanisa. Jino lake la mbele, la juu, lilikuwa limekatika pembe. Walikuwa wakifanya mazoezi nyuma ya lori la shamba, akaeleza, maana ndiyo saa pekee wanayokuwa pamoja, na dereva hakujua kama wimbo haujaisha alipoingia kwenye shimo.

"Upepo unavujia hapa," alisema akionyesha kwa kidole. "Na huu ukingo unanichana mdomo. Nikimaliza ubeti mmoja, naonekana kama nimetoka kupigana."

Daktari alimtazama kinywani, akamweleza. Pembe ya jino haina kuta za kuchonga mtungi. Kofia ya jino ingepatikana Nairobi, na ingefika baada ya Pasaka. Angeweza kuusugua ukingo ukawa laini, ila upepo ungeendelea kuvuja.

"Ya baada ya Pasaka sina haja nayo," Zakaria alisema. Alisema polepole, kama mtu aliyejifunza njiani asipandishe sauti. "Daktari, sisi alfajiri ya Pasaka tunakwenda makaburini kabla jua halijatoka. Watu wanasimama kimya gizani, na tarumbeta ndizo zinazoanza. Pale shambani aliyezianzisha ni baba yangu, na ndiye aliyenifundisha. Tangu Krismasi yuko palepale, amelala. Hii ndiyo Pasaka yake ya kwanza. Sasa nikae pembeni, apigiwe na mtu mwingine?"

Daktari, ambaye Ukatoliki wake haukuwa na tarumbeta, alikwenda dirishani, akarudi, akaenda tena.

"Ile dawa nyeupe," nilisema.

"Mwanaidi."

"Imekaa majini wiki nzima."

"Kwenye ng'ombe."

Zakaria alitutazama mmoja baada ya mwingine. "Huyo ng'ombe," aliuliza, "alikuwa anapiga nini?"

Nadhani ni swali hilo lililomlegeza Daktari. Alicheka kidogo, akanawa mikono. Lakini alinigeukia na kuniambia, kwa sauti ambayo Zakaria pia aliisikia, kwamba tutajaribu, na ikitoka, kisanduku cha mchuuzi kitakwenda chooni, na neno gundi asilisikie tena humu ndani maisha yake yote.

Tulifanya kila kitu kama tulivyomfanyia ng'ombe. Jino liligeuka chaki. Dawa ikakaa, ikaganda, Daktari akaisugua mpaka hata mimi niliyeijua sikuona inapoanzia. Zakaria akatoka uani na tarumbeta yake. Sauti ya kwanza ilitoka nene na safi, kuku wa jirani wakatawanyika. Ya pili vilevile. Katikati ya tatu akasita, akatema kitu kwenye kiganja, akatuonyesha.

Daktari alirudi ndani kukichukua kisanduku. Mimi nilibaki pale, miguu haitaki kukaa chini, nikimtazama Zakaria, ambaye alikuwa ameinua tarumbeta tena ajaribu bila dawa. Na kabla ya kuvuta pumzi alipitisha ulimi juu ya meno ya mbele, kulia kwenda kushoto, upesi kama mjusi.

"Huwa unafanya hivyo kila mara?"

"Nafanya nini?"

Hakujua. Wapiga tarumbeta wote hulowesha mdomo kabla ya kupiga, na kwa miaka mingi pumzi na ulimi wake zilikuwa zimekwenda pamoja. Kitini Daktari alikuwa amemwambia avute pumzi, atulie. Alivuta, akatulia, na ulimi ukapita. Tuliosha, tukakausha mpaka likawa chaki, tukageuka kuchukua dawa, na nyuma ya migongo yetu akalilowesha upya.

Nilimkuta Daktari amefika mlango wa choo na kisanduku kwapani. Nilisimama mbele yake nikaeleza kwa haraka kiasi kwamba nililazimika kueleza mara mbili. Alisikiliza akiwa ameshika kitasa.

"Basi huo ulimi," alisema mwishowe, "utaushika wewe."

Nikaushika. Nilikuwa nimetundika buibui yangu nyuma ya mlango, nimekunja mikono ya gauni, nimebana kwa kitambaa ulimi wa mwanamume wa watu, Mkristo, wa bara, macho yamemtoka pima, na Daktari ananikaripia nisiulegeze. Katikati ya hayo mgonjwa mwingine alifungua mlango, akaona, akaufunga taratibu. Mama aliipata habari kabla mimi sijafika Nguvumali. Kwa hiyo alipouliza kwenye msala Mlutheri gani, alikuwa anajua. Alitaka tu nimtaje mwenyewe.

Dawa ikiwa imeganda mahali pake, Zakaria alipanda basi la Muheza siku ya Alhamisi, mdomo umefungwa kwa skafu kama kibubu. Akaahidi kupiga simu Jumatatu ya Pasaka kutoka ofisi ya shamba, ambayo karani wake alikuwa mpiga tarumbeta mwenziwe. Ijumaa niliunguza wali. Jumamosi nilimfulia mama nguo zilizokwisha fuliwa. Ulimi wangu mwenyewe haukutulia. Ulikuwa unapita juu ya meno ya mbele bila ruhusa, na kila ulipopita nilimwona yeye gizani makaburini, ameinua tarumbeta, watu kimya, halafu kipande cheupe kwenye kiganja. Nilijaribu kujiambia kwamba jino ni jino tu. Jumapili niliomba ile dua, na mchana mvua ikanyesha bila kukoma, nami nikatembea kutoka dirisha hadi mlango mpaka mama akaniambia nikakae kwa jirani, huko wana nyumba kubwa.

Jumatatu ilikuwa sikukuu na mlango wa Daktari ulikuwa umefungwa. Nilikwenda hata hivyo. Nilimkuta ameshafika, bado amevaa suti ya kanisani, anasema amekuja kutafuta miwani. Miwani alikuwa ameivaa. Alizunguka chumba upande ule na mimi upande huu, tukawa tunapishana karibu na kiti cha mgonjwa kama watu wanaojuana kwa mbali.

Simu ilipolia niliidaka mimi. Mtu wa mitambo ya simu akasema ni Muheza, dakika tatu.

"Dada Mwanaidi, habari za hapo?"

"Nzuri, kaka Zakaria. Vipi..."

"Za tangu siku ile? Mama hajambo?"

"Hajambo. Jino..."

"Na Daktari je? Wamesherehekea salama?"

"Mwulize jino," Daktari alisema nyuma ya sikio langu.

"Wamesherehekea salama, anakusalimu. Kaka, ulipiga?"

Waya ulikwaruza. Nilidhani tumekatika.

"Nilipiga," alisema. "Nyimbo zote. Kulikuwa na ukungu, hatuonani, nikaanza mimi. Nilisimama pale miguuni kwa baba. Haikuvuja hata pumzi moja. Mama yangu alisema alidhani ni yeye."

Nilimgeukia Daktari nikamwambia amepiga. Alifumba macho.

"Ila dada, imetoka."

"Imetoka lini?"

"Jana mchana. Nilijisahau nikauma mfupa wa mbuzi."

"Imetoka," nilimwambia Daktari. Aliitikia kwa kichwa, taratibu, kama mtu aliyeletewa mzigo aliokuwa ameshauagiza.

"Na inaniuma kidogo," Zakaria akaendelea, "maana haikutoka peke yake. Imeng'oka na kipande kingine cha jino. Ninacho hapa. Nimejaribu kuitenganisha dawa na jino, haitaki. Nimetumia mpaka kisu."

Nilirudia maneno hayo neno kwa neno. Sikuwa nimeyamaliza Daktari aliponipokonya simu.

"Zakaria, sema tena. Dawa na jino bado vimeshikana? Angalia vizuri pale vinapokutana. Hakuna ufa? Jaribu kwa ukucha. Hapana, jaribu kwa nguvu, bwana, halitakuuma, limeshatoka. Ndiyo. Ndiyo. Kwa hiyo palipovunjika ni wapi? Ni kwenye jino lenyewe?"

Mtu wa mitambo aliingia kusema muda umekwisha. Daktari alimwambia aongeze. Kisha akaushusha mkono wa simu kifuani, akanitazama, akaanza kucheka, kwanza bila sauti, halafu kwa sauti, na mimi nikashikwa na kicheko kilekile, nikaegemea kabati la vioo mpaka vyombo vikagongana.

Kutoka kifuani mwa Daktari tuliisikia sauti ya Zakaria, ndogo, ya kulalamika. "Sasa huko mnacheka nini? Mimi nimevunjika jino."

Daktari alirudisha simu sikioni, akipangusa macho.

"Ndicho tunachokichekea, bwana," alisema. "Ni jino lililovunjika."

Laini ikakatika.